Kwa nini betri za boti hufa mapema Ziwa Nyasa: safari ya chaji kutoka kwenye paneli hadi kwenye taa

Nyuma ya nyumba nyingi za wavuvi pale Matema utakuta betri zilizokufa zimepangwa kando ya ukuta. Nyingine zimekuwa viti vya kukalia wakati wa kushona nyavu. Ukiuliza zimekufa na nini, jibu ni lile lile: betri za siku hizi feki. Tangu karabai zilipoanza kuzipisha taa za LED kwenye uvuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, betri imekuwa kitu cha lazima botini kama kasia, na maneno juu yake yamekuwa mengi. Mmoja anasema betri ya gari inatosha, mwingine anaapa ni lazima iwe ya sola. Huyu anasema injini inachaji yenyewe, yule anasema injini ndiyo iliyomuulia betri. Fyuzi nayo inasemwa ni ujanja wa mafundi wa kuongeza bei.

Mimi ni fundi umeme, nafanyia kazi Mbeya mjini, lakini kwetu ni Kyela, na kila nikishuka nyumbani siondoki bila kuitwa ufukweni kuangalia boti. Betri feki zipo sokoni, hilo silibishi. Lakini nyingi nilizozikuta ziwani zimekufa hazikuwa feki. Zilikufa njaa. Tangu siku zilipofungwa hazikuwahi kushiba hata mara moja, na chakula chao kilipotelea njiani, ndani ya waya mwembamba, kabla hakijazifikia.

Volti, ampea na maji ya mserereko

Anayeishi kwenye miinuko ya Rungwe anayajua maji ya mserereko. Hakuna pampu. Chanzo kiko juu mlimani, maji yanashuka ndani ya bomba kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye tangi la kijiji, na kutoka kwenye tangi yanagawanywa. Umeme wa boti ni mradi mdogo wa mserereko. Volti ni kimo, yaani chanzo kiko juu kiasi gani kuliko tangi. Ampea ni wingi wa maji yanayopita ndani ya bomba kwa wakati huo. Ampea-saa, ile Ah iliyoandikwa ubavuni mwa betri, ni ukubwa wa tangi: betri ya Ah 100 inaweza, kwa makadirio, kutoa ampea 5 kwa saa 20. Wati ni nguvu unayoipata ukizidisha volti kwa ampea. Taa ya wati 12 kwenye betri ya volti 12 inakunywa ampea 1.

Ukishika picha hiyo, jambo moja linajieleza. Maji hayapandi. Chanzo kikiwa usawa mmoja na tangi, hakuna kinachotembea. Kwa hiyo betri ya volti 12 haiwezi kujazwa na kitu cha volti 12. Ili chaji iingie, chanzo lazima kiwe juu yake, karibu volti 14.4 kwa betri nyingi za risasi na asidi. Ndiyo sababu paneli inayouzwa kwa jina la "volti 12", ukiipima juani kabla haijafungwa popote, inasoma 21 au 22, na ikiwa kazini inasukuma karibu 18. Wapo wanaoirudisha dukani wakidhani ina hitilafu. Haina. Imetengenezwa hivyo ili hata joto likiipunguza bado ibaki juu ya betri.

Jina hilo la "volti 12" limewapa watu hasara kwa njia nyingine pia. Betri iliyojaa, iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.0, namba ambayo mtu anaifurahia kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye lebo, imebaki robo hivi. Kwenye 11.8 imekwisha. Kati ya shibe na njaa hakuna hata volti moja nzima. Macho hayawezi kuiona tofauti hiyo, na mwanga wa taa hautakwambia. Ile mita ndogo ya dijitali inayouzwa pale Mwanjelwa ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri, na ningependa kila mwenye boti awe nayo kabla hajanunua kitu kingine chochote.

Gunia la mpunga

Watu wengi wanaichukulia betri kama ndoo: fungulia, ijae, funga. Mimi naifananisha na gunia la mpunga. Mwanzo unamimina kwa debe na mpunga unaingia kwa kishindo. Likifika juu inabidi ulitikise, ulishindilie, uongeze kwa bakuli, utikise tena. Sehemu ya mwisho ndiyo inayokula muda. Betri ya risasi iko hivyo hivyo. Hadi asilimia 80 hivi inapokea ampea kwa wingi, halafu inaanza kugoma, na ile asilimia 20 ya mwisho inaweza kuchukua saa nyingi kama zile za mwanzo, au zaidi, chanzo kikiwa kimeshikilia volti 14.4 bila kushuka. Ikishajaa, chaji inashushwa hadi 13.5 au 13.8, kiasi cha kuitunza tu. Ukiendelea kusukuma kwa nguvu unafanya lumbesa: maji ya betri yanatokota, yanapotea kama gesi, na sahani za ndani zinaliwa.

Kazi ya kontrola ya chaji, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri, ni hiyo: kumimina, kushindilia, na kuacha kabla ya lumbesa. Anayefunga paneli moja kwa moja kwenye betri amemfukuza mpimaji. Kontrola ziko za aina mbili, PWM na MPPT. Ya pili inazitumia zile volti za ziada za paneli kuongeza ampea, na ni ghali zaidi. Kwa paneli moja au mbili ndogo, PWM nzuri inatosha. Fungua macho tu, kwa sababu vipo viboksi vilivyoandikwa MPPT kwa nje na ndani yake ni PWM.

Hata hivyo, betri zilizokufa kwa lumbesa ni chache ziwani. Nyingi zimekufa kwa gunia lisilojaa. Betri inapotoa umeme, sahani zake zinajifunika utando wa salfeti ya risasi. Hilo ni la kawaida, na chaji ikirudi utando unayeyuka. Ni kama ukoko kwenye sufuria ya wali. Ukiumwagia maji mapema unatoka wenyewe, ukiuacha hadi kesho kutwa utasugua kwa kijiko. Betri inayoishia asilimia 80 kila siku inabaki na ukoko kidogo kila siku. Kidogo hicho kinageuka fuwele ngumu ambazo chaji haiziyeyushi tena, na tangi la Ah 100 linakuwa la 60, kisha la 30. Mwenye betri anaona kitu kimoja tu: inajaa haraka sana na kuisha haraka sana. Anasema ni feki.

Usiku mmoja wa usipa kwa hesabu

Tuchukue boti yenye taa nne za LED za wati 10. Jumla ni wati 40. Gawanya kwa 12, unapata ampea 3.3. Usiku wa saa 8 unakula karibu Ah 27. Ongeza simu mbili za kuchaji, tuseme 30. Betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo ile ya Ah 100 inakupa 50 za kutumia. Usiku mmoja unapita bila wasiwasi.

Sasa kurudisha. Betri haitunzi yote unayoipa, kiasi kinapotea kama joto na gesi. Kurudisha 30 unahitaji kuingiza karibu 35. Paneli ya wati 100 katikati ya mchana inatoa kama ampea 5 na nusu. Ukilikusanya jua la siku njema, pamoja na asubuhi na jioni zake hafifu, ni sawa na saa 5 za jua kali. Tano na nusu mara tano ni 27 hivi. Ulihitaji 35, umepata 27. Siku ya kwanza huoni kitu. Usiku wa nne betri inaingia chini ya nusu. Kabla wiki mbili hazijaisha, taa zinazima kabla ya alfajiri, na betri ambayo ilikuwa mpya mwanzo wa mwezi imeshaanza kushika ukoko.

Na hiyo ni siku njema. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini, na kati ya Machi na Mei wingu likikaa juu ya Safu za Livingstone unaweza kupata robo tu ya hesabu hiyo. Kwa boti hii mimi ningefunga paneli ya wati 200. Anayeambiwa kwamba paneli kubwa "itaunguza" betri ameambiwa vibaya. Ikiwa kontrola imefungwa na inahimili ampea za paneli hiyo, betri inachukua inachohitaji na ziada inabaki kwenye paneli.

Injini je? Hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali, na pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Boti kubwa zenye injini ya dizeli ndani huwa na altaneta kama ya gari, na hiyo inachaji sawasawa. Injini za kupachika nyuma ni hadithi nyingine. Nyingi za zile ndogo za kuvuta kwa kamba hazina mfumo wa kuchaji kabisa. Nyingine zina koili ya taa tu, ambayo inatoa umeme wa kwenda na kurudi. Betri inataka umeme wa upande mmoja, kwa hiyo bila rektifaya ya kuugeuza uwe wa upande mmoja na regyuleta ya kudhibiti volti unaiharibu. Hata ile yenye mfumo kamili, tuseme ya ampea 6, inatoa hizo 6 ikiwa inazunguka kwa kasi. Nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi ni Ah 6 kwa matumaini makubwa, wakati usiku umekula 30. Injini inasaidia. Kushibisha, haiwezi.

Njia ya tatu ni chaja ya ukutani. Betri ibebwe nyumbani ichajiwe huko. Usivute waya wa volti 230 kutoka kibandani hadi kwenye boti iliyo majini, hata kwa dakika tano. Volti 12 haikuui. Ile inaua, na mtu aliyesimama kwenye maji hana nafasi ya kujitetea.

Waya ndiye mwizi

Miaka kadhaa iliyopita nilimfungia mjomba wangu mfumo kwenye boti yake. Nilikuwa na waya uliobaki kwenye nyumba niliyokuwa namalizia, waya mzuri wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za ndani. Kontrola niliiweka juu, chini ya paa dogo lililobeba paneli, ili aione taa yake kwa urahisi. Betri ilikaa nyuma, chini, mita 6 kutoka hapo. Kila kitu kiliwaka. Haikufika hata nusu mwaka akanipigia: "Mjomba, ile betri haishiki chaji." Nilishuka nikiwa na uhakika kwamba ameuziwa betri mbovu. Nikapima mchana, jua kali. Kwenye kontrola, 14.4. Kwenye vichwa vya betri, 13.1. Kosa lilikuwa langu, na yeye ndiye aliyelilipia.

Hesabu yake ni hii. Kila waya unaukwamisha umeme kidogo, kama bomba jembamba linavyoyakwamisha maji. Waya wa 1.5 wenye urefu wa mita 6 ni mita 12 za safari, kwa sababu umeme unakwenda na kurudi. Ukipitisha ampea 10 humo, karibu volti 1.4 zinaishia njiani. Nyumbani, ukipoteza volti 1.4 katika 230, hakuna anayehisi. Kwenye boti, 1.4 ndiyo karibu tofauti yote iliyopo kati ya kuchaji na kutochaji. Kontrola inapima mlangoni kwake. Inaona 14.4, inaamini gunia limefika juu, inaanza kubana ampea. Betri kule chini iko kwenye 13, inapanda kwa kujikokota, na jua linazama kabla haijafika. Kesho yake hivyo hivyo.

Ukibadilisha waya huo kwa wa 6, upotevu unashuka hadi theluthi moja ya volti. Lakini kuna tiba nyingine isiyogharimu shilingi: ihamishe kontrola. Ikae karibu na betri, urefu wa mkono mmoja, na ule umbali mrefu ubaki upande wa paneli. Upande wa paneli kuna volti 18, una cha kupoteza. Upande wa betri huna. Mafundi wengi wanaifunga kontrola panapoonekana vizuri, nami nilikuwa mmoja wao.

Kuhusu waya wenyewe kuna mambo yanayochanganya. Ile 1.5, 2.5 au 6 ni eneo la uso wa waya ukiukata, milimita za mraba, wala si unene wa kupima kwa rula pamoja na plastiki yake. Kuna nyaya zenye plastiki nene na shaba kidogo ndani. Kuna nyingine ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani ujue inapitisha umeme takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi, na inaoza upesi penye unyevu. Tena chagua waya wa nyuzi nyingi. Ule wa ufito mmoja wa kwenye ukuta wa nyumba haukutengenezwa kwa mtetemo wa injini na mawimbi ya kusi, unakatika ndani ya ganda lake na kwa nje unauona mzima. Mwisho wa waya ubanwe kwa kichwa cha shaba cha kubana, usisokotwe na kufungwa selotepu kamwe. Maji ya Nyasa hayana chumvi, kutu yake ni ya taratibu kuliko ya baharini, lakini unyevu unaingia kwenye nyuzi zilizo wazi na waya unakuwa mweusi ndani hadi mbali.

Kitu kingine kinachowakwamisha hasa mafundi wa magari. Kwenye gari unapeleka waya mmoja kwenye taa, na umeme unarudi kupitia bodi. Boti ya mbao au ya faiba haina bodi ya kurudishia. Kila kifaa kinahitaji waya wake wa kwenda na wa kurudi, na za kurudi zikusanywe kwenye kipande kimoja cha shaba karibu na betri. Boti ya chuma ina bodi, lakini usiitumie: umeme ukipita kwenye chuma kilicho majini, chuma kinaliwa.

Fyuzi inamlinda nani?

Wengi wanadhani fyuzi inalinda taa au redio. Inalinda waya, na kwa hiyo inalinda boti. Betri ya Ah 100 ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea, hata zaidi ya elfu moja, kwa mara moja. Nimeona spana iliyoangukia vichwa viwili vya betri ikabadilika rangi kuwa nyekundu. Waya wa 1.5 kwenye hali hiyo unakuwa moto ndani ya sekunde chache, na umelala juu ya mbao zilizolowa mafuta, katikati ya ziwa.

Kwa sababu hatari inatoka kwenye betri, fyuzi inakaa karibu na betri, umbali wa kiganja kutoka kichwa cha chanya. Fyuzi iliyowekwa kule kwenye taa inaacha mita zote za katikati bila ulinzi. Ukubwa wake unafuata waya: fyuzi ya ampea 10 kwa waya wa 1.5, ya 15 kwa 2.5, ya 30 kwa 6. Ikikatika, tafuta kilichoikata. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi amefanya waya mzima wa boti kuwa fyuzi.

Betri mbili kwenye boti moja

Boti za abiria, kama zile zinazotoka Matema kwenda Ikombe kwa Wakisi wafinyanzi, zikiwa na injini ya kuwasha kwa stata zinahitaji betri ya kuwashia. Hapo lile swali la betri ya gari linapata jibu lake. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi. Inatoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha inataka kujazwa mara moja. Ni mbio fupi. Betri ya kazi ndefu, inayouzwa mara nyingi kama ya sola, ina sahani nene zinazovumilia kushuka usiku kucha. Ukiwashia taa betri ya gari usiku hadi asubuhi, sahani zake zinachakaa ndani ya miezi. Kila moja ina kazi yake, na usiziunge pamoja moja kwa moja, kwa sababu taa zitazimaliza zote mbili na asubuhi stata haitageuka mkiwa mbali na nchi kavu.

Kuna swichi ya kuchagua betri, 1, 2 au zote, na kuna relei inayoziunganisha yenyewe volti zikipanda hadi 13.3 hivi, ishara kwamba injini inachaji, na kuzitenganisha zikishuka. Relei haisahau, mtu anasahau. Ukitumia swichi, usiizungushe kwenye kuzima injini ikiwa inanguruma. Altaneta isiyo na mahali pa kupeleka umeme wake inapandisha volti ghafla na kuua dayodi zake.

Yanayosemwa ufukweni

Betri ikidhoofika, ongeza asidi. Hapana. Kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, asidi inabaki. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri mpaka sahani zifunikwe, basi. Asidi ya ziada inasomeka vizuri kwenye kipimo kwa siku chache huku ikila sahani.

Usiiweke betri kwenye saruji, itanyonywa. Hili ni la enzi za maganda ya zamani. Maganda ya plastiki hayanyonywi na sakafu. Botini iweke juu ya ubao na uifunge kwa mkanda, lakini sababu ni maji yanayojikusanya chini na mawimbi yanayoirusha.

Betri inayodumu Mbeya mjini haidumu Kyela. Hili ni kweli, na watu wanalitilia shaka bure. Joto linachakaza betri, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zikiongezeka, maisha ya betri ya risasi yanapungua karibu nusu. Kutoka baridi ya Mbeya kushuka hadi joto la Kyela ni safari ndefu kwa betri. Ipe kivuli na hewa.

Taa ya kijani ikiwaka, imejaa. Taa hiyo inasema kontrola imeona volti fulani mlangoni kwake. Umeshaona kwenye boti ya mjomba kilichokuwa upande wa pili wa waya.

Lithiamu itamaliza matatizo yote. Ni betri nzuri, nyepesi, haidhuriki kwa kutojaa, na inashushwa chini zaidi. Lakini inataka kontrola yenye mpangilio wake, haichanganywi na ya risasi, na waya mwembamba utaiibia vile vile.

Hewa, petroli na cheche

Betri ya risasi inapochajiwa inatoa haidrojeni, gesi nyepesi inayopanda juu na kulipuka kwa cheche ndogo. Mvuke wa petroli ni mzito, unashuka na kutulia chini ya boti. Ukiweka betri na tangi la mafuta kwenye sanduku moja lililofungwa umekusanya vyote viwili mahali pamoja, mmoja juu na mwingine chini. Betri ikae kwenye boksi lake lenye matundu kwa juu, mbali na mafuta, na swichi zisiwe ndani ya boksi hilo.

Wakati wa kufunga, unganisha betri kwenye kontrola kwanza, ndipo paneli. Kontrola inaitambua betri kwanza ili ijue inajaza nini. Wakati wa kufungua, toa paneli kwanza. Na kabla ya kukaza kichwa chochote, mita iseme ipi chanya na ipi hasi, hata kama rangi za nyaya zinakwambia, kwa sababu aliyefunga kabla yako huenda waya mwekundu ulimwishia.

Boti ya mjomba niliifunga upya siku ile ile: kontrola ikashuka pembeni ya betri, waya wa 6, fyuzi ya 30. Betri ya zamani haikurudi, ilikuwa imeshaganda ukoko, akanunua nyingine. Sasa ana mita yake, anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya boti. Mbalamwezi ikiingia na wavuvi wa usipa wakapumzika, anaiacha paneli kazini siku tatu au nne bila kuwasha taa, ili betri ipate zile saa ndefu za mwisho ambazo usiku wa kazi hauipi. Halafu anaamka mapema, anapima kabla jua halijaipiga paneli. Mara ya mwisho alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi na hakunisalimia hata. Alisema namba tu: kumi na mbili nukta saba.